Jina Lake Limo Katika Daftari Lipi?

Mhadhara wa hadhara, Kitengela, Kaunti ya Kajiado

Nyinyi dada zangu mliotoka nyumbani alfajiri kwa kuwa mnajua fika kwamba makanga wa saa moja asubuhi hana subira ya kukunja kiti cha magurudumu:

Nimeombwa nizungumzie jinsi serikali inavyozitambua haki za wanawake wenye ulemavu. Desturi ni kuanza na Katiba. Mimi nitaanza na tangazo la serikali la mwaka 1981 ambalo halikutaja ulemavu hata mara moja.

Sheria ya Urithi ya Kenya ilipitishwa mwaka 1972 na ikaanza kutumika Julai 1981. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya ujasiri, maana ilipogawa mali ya mtu aliyekufa bila wosia haikuuliza mtoto huyu ni wa kike au wa kiume. Lakini vifungu vya 32 na 33 viliacha mlango wa nyuma. Ardhi ya kilimo, mazao yake na mifugo katika wilaya fulani zingegawanywa kwa mila za jamii ya marehemu. Tangazo la 1981 likazitaja wilaya hizo, 12 kwa jumla: Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit, Samburu, Isiolo, Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, Lamu, Narok, na Kajiado.

Fikirini mzee wa Kimaasai wa miaka hiyo aliacha nini alipofariki. Aliacha ng'ombe, mbuzi, kondoo na ardhi. Ukiondoa mifugo na ardhi, sheria ya Bunge ilibakiwa na nini cha kumgawia binti yake hapa Kajiado? Labda redio na blanketi.

Mtaniuliza mwanamke mwenye ulemavu yuko wapi katika habari hii. Yuko katikati yake. Kwa mila, binti alitarajiwa kupata riziki kwa mumewe: aolewe, agawiwe ng'ombe wa kukamua, ajenge nyumba yake bomani kwa mume, na wanawe wa kiume wamtunze. Sasa mchukue binti ambaye mguu wake ulipooza kwa polio akiwa mdogo, au aliyezaliwa haoni, na hakuna aliyekuja kumposa. Huyo alibaki kwa baba, na baba alipofariki akabaki kwa kaka, kisha kwa mke wa kaka. Sitaki kuisingizia mila. Wengi wao walilishwa, wakavishwa, wakapendwa. Lakini kulishwa ni hisani, na hisani hutegemea moyo wa anayekulisha siku hiyo.

Hoja yangu leo ni moja. Serikali humtambua mtu pale inapoliandika jina lake katika daftari linalogawa kitu: ardhi, fedha, kiti, zamu ya kusikilizwa mahakamani. Mengine, zikiwemo hotuba tunazosikilizishwa kila tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, ni ya sherehe. Sherehe nazo zina mahali pake, ila hakuna aliyewahi kupeleka hotuba benki akapewa mkopo.

Daftari la kwanza hapa kwetu lilikuwa la ranchi. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria ya ranchi za vikundi, na eneo kubwa la Kajiado likaandikishwa kwa majina ya wanachama. Mwanachama alikuwa mwanamume, mkuu wa boma; baadaye wakaongezwa vijana wa kiume waliokomaa. Wanawake waliopenya walikuwa wachache, wengi wao wajane. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi zikaanza kukatwa vipande, na Kitengela hii ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo. Kila jina lililokuwa katika daftari likatoka na hati miliki. Ambaye hakuwa na jina hakupata hata mguu mmoja wa ardhi, na hakukuwa na ofisi ya kulalamikia, kwa sababu kwa mujibu wa karatasi hakuna alichonyang'anywa.

Kilichofuata mnakijua. Viwanda vya Athi River vikaleta wafanyakazi, wafanyakazi wakataka vyumba, ploti za kando ya barabara ya Namanga zikauzwa, na sensa ya 2019 ikaukuta mji wa Kitengela una zaidi ya watu 150,000. Hata fedha za wanyamapori zilifuata daftari lile lile. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi kusini mwa Mbuga ya Nairobi dola 4 kwa eka kwa mwaka, wasiweke ua, wasiuze, ili nyumbu na pundamilia wapate njia. Ni mpango niliousifu na bado ninausifu, maana familia nyingi zililipia karo kwa fedha hizo. Lakini malipo yalikwenda kwa mwenye hati. Dada aliyebaki bomani, anayekaa kutwa kwenye kivuli akiwatazama wanyama wale wale wakipita, hakuwa mwenye hati.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliiondoa ile ya 1968 na ikakataza kumbagua mwanajamii kwa jinsia au kwa ulemavu. Ni sheria nzuri iliyofika huku kwetu Kaputiei baada ya ardhi kukatwa, kuuzwa na kuzungushiwa seng'enge. Huko Kajiado Magharibi na upande wa Loitokitok, ambako ugawaji umechelewa, bado ina kazi ya kufanya, na ningependa kuona majina ya mabinti kwenye orodha za huko kabla mpimaji hajafika.

Mahakama, tuitendee haki, ilitangulia Katiba. Mzee Lerionka ole Ntutu wa Narok alifariki bila wosia, na sehemu ya familia ikadai kwamba kwa mila ya Kimaasai mabinti hawana fungu. Narok, mnakumbuka, imo katika ile orodha ya wilaya 12. Mwaka 2008 Jaji Kalpana Rawal, ambaye baadaye alikuwa Naibu Jaji Mkuu, aliamua kwamba mila ya kumnyima mtu urithi kwa sababu tu ni binti haiwezi kusimama. Miaka miwili baadaye Katiba ya 2010 ikatia nguvu: kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa jinsia na wa ulemavu kwa pumzi moja, na cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria na desturi za ardhi ukomeshwe.

Basi mambo yamekwisha? Hayajakwisha, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa shida imo katika kitu kidogo sana. Mtu akifariki na familia ikitaka kufungua shauri la mirathi, mahakama huomba barua ya chifu inayowataja warithi. Chifu hawezi kumjua kila mtoto wa kila boma, anaandika alichoambiwa. Na anayekwenda kumwona chifu ni yule mwenye miguu ya kwenda na ulimi wa kusema. Kaka anafika, anataja ndugu zake, anamsahau dada kiziwi, au hamsahau bali anasema "yule tunamtunza sisi." Barua inapigwa muhuri. Kuanzia hapo hakimu ana orodha isiyo na jina lake, tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi ambalo hakuna anayelileta manyattani, muda wa pingamizi unapita, na mali inagawanywa kihalali kabisa. Hukumu ya Ntutu inamsaidia binti anayeweza kufika mahakamani kusema "mimi nipo." Kwa huyu wetu, kesi ilimalizika kwenye meza ya chifu. Machifu na manaibu wao waliomo ukumbini wakiondoka na jambo moja leo, na liwe hili: kabla ya kupiga muhuri, ulizeni ni nani amebaki nyumbani.

Tuje kwenye daftari la kuhesabu watu. Sensa ya 2009 ilipata Wakenya 1,330,312 wenye ulemavu, asilimia 3.5 ya taifa. Sensa ya 2019 ilipata 916,692, asilimia 2.2. Watu zaidi ya 400,000 walikwenda wapi katika miaka 10 ambayo taifa lenyewe lilikuwa likiongezeka? Hawakupona, wala hawakuhama nchi. Maswali ndiyo yaliyobadilika: safari hii walioingizwa katika hesabu ni wale wenye shida kubwa ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na watoto wa chini ya miaka 5 waliachwa nje. Watakwimu wana sababu zao, nami sizipuuzi. Ila bajeti hufuata hesabu. Jambo moja la kheri la sensa hiyo ni kwamba watu wenye ualbino walihesabiwa kwa mara ya kwanza, 9,729 kote nchini. Na jambo jingine, ambalo magazeti hayakulishughulikia sana: asilimia 2.5 ya wanawake walikuwa na ulemavu, dhidi ya asilimia 1.9 ya wanaume. Wanawake huishi zaidi, na uzee una ulemavu wake. Uzazi usio na huduma nao huacha majeraha. Yaani ukisema "Mkenya mwenye ulemavu" bila kufikiri zaidi, uwezekano ni kwamba unamzungumzia mwanamke.

Halafu kuna kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Ili uipate, lazima madaktari wa hospitali ya umma iliyoidhinishwa wakupime na wajaze fomu, ndipo Baraza likuandikishe. Kwa mtu wa Kitengela si safari ya kutisha. Lakini kaunti hii ina kilomita za mraba zipatazo 21,900, na mama wa Magadi au wa nyanda za Mashuuru anayetambaa kwa mikono hawezi kupanda bodaboda peke yake. Anahitaji mtu wa kumbeba, nauli ya wawili, na siku ambayo jopo la madaktari lipo. Akirudishwa kwa sababu daktari mmoja hayupo, msimlaumu akikata tamaa.

Na kadi yenyewe inampa nani nini? Faida inayotajwa zaidi ni msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Mimi huwaambia marafiki zangu wa Nairobi kwamba hiyo ni faida ya wenye ulemavu wenye ofisi. Kwa asiye na mshahara, serikali ina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na mara nyingi anayezipokea ni mlezi. Siwashuku walezi, bila wao wengi wasingekuwa hai. Ila angalieni vizuri: hata katika daftari lililoandikwa kwa ajili yake, mkono unaopokea ni wa mtu mwingine. Katika utaratibu wetu, mwanamke mwenye ulemavu anaweza kuwa sababu ya fedha kutoka na bado asiishike noti hata moja.

Nimeombwa pia nieleze sheria mpya, kwa hiyo niipitie. Sheria ya kwanza ya Watu wenye Ulemavu ilipitishwa 2003, baada ya miaka mingi ya kusukumana na serikali. Miongoni mwa waliosukuma ni Josephine Sinyo, wakili asiyeona, aliyeteuliwa kuwa mbunge baada ya uchaguzi wa 1997. Sheria ile iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 wayafanye yafikike, na wenye magari ya abiria miaka 2. Vifungu hivyo vikacheleweshwa: sheria ilipoanza kutumika 2004 vyenyewe viliwekwa kando hadi 2010. Hata tukihesabu kuanzia 2010, miaka hiyo yote ilikwisha kitambo. Nendeni pale stegi ya Kitengela mnioneshe matatu yenye ngazi ya kuteremshwa, nami nitawanunulia chai nyote.

Sheria ya sasa ilitiwa saini na Rais Ruto Mei 2025, ikaiondoa ile ya 2003. Aliyeubeba mswada wake katika Seneti ni Crystal Asige, mwanamuziki aliyepoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa wa glakoma na akateuliwa seneta mwaka 2022. Inafaa kutaja kwamba viti vya maseneta wanaowakilisha watu wenye ulemavu ni viwili kwa Katiba, kimoja cha mwanamume na kimoja cha mwanamke. Godliver Omondi na baadaye Gertrude Musuruve walitangulia kukikalia hicho cha pili, na Musuruve ndiye aliyeupigania mswada wa lugha ya ishara. Sheria mbili kubwa za ulemavu nchini, na katika zote alama za vidole vya wanawake wenyewe zinaonekana. Hawakupewa na mtu.

Mikataba nayo tunayo ya kutosha. Ule wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia Mei 2008, na kifungu chake cha 6 kinakiri kwamba wanawake na wasichana wenye ulemavu hubaguliwa kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Itifaki ya Maputo inawataja katika kifungu cha 23. Itifaki ya Afrika kuhusu watu wenye ulemavu imeanza kufanya kazi 2024. Julai 2018 Kenya iliandaa pamoja na Uingereza mkutano mkuu wa dunia wa ulemavu jijini London. Karatasi hatuna upungufu.

Upungufu upo, kwa mfano, kwenye kitanda cha kujifungulia. Kiko juu, hakishuki. Mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu anafika na uchungu, wauguzi wawili wanatafuta wa tatu wa kumwinua, na katikati ya pilikapilika hiyo mmoja anamwuliza, kwa mshangao wa kweli, "Na wewe nani alikupa mimba?" Wanawake wenye ulemavu wa pande zote za nchi hii wanalijua swali hilo kama wanavyolijua jina lao. Linatoka kwa mtu ambaye hakufundishwa kwamba mgonjwa huyu ana mwili, ana hamu, ana mume au hana, na ana haki ya kuzaa. Kiziwi naye anajifungua bila mkalimani. Anaambiwa "sukuma" na watu waliovaa barakoa, asione hata midomo.

Upungufu upo pia polisi na mahakamani. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na wakoloni, katika kifungu cha 146, ilimtaja mwanamke mwenye ulemavu wa akili aliyenajisiwa kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilikuja na kitu bora zaidi: kifungu cha 31 kinamruhusu shahidi aliye katika hali ya udhaifu, akiwemo mwenye ulemavu wa akili, atoe ushahidi kupitia mtu wa kumsaidia. Katiba ikalirudia hilo katika kifungu cha 50. Mtu huyo anaweza kuwa mama, mwalimu, yeyote anayezielewa sauti zake na ishara zake za nyumbani. Lakini kwa kawaida husubiriwa mwendesha mashtaka aombe. Asipojua, au akijua na faili zikawa nyingi mezani, msichana anasimamishwa, anaulizwa kwa Kiswahili sanifu jina lake na tarehe ya tukio, ananyamaza, na mshtakiwa anarudi kijijini siku hiyo hiyo kwa gari lile lile alilopanda mama wa msichana. Hili ni daftari pia. Ushahidi ambao karani hakuuandika haukutolewa.

Jambo la mwisho ni viti. Katiba, katika kifungu cha 54, inasema hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma wawe watu wenye ulemavu. Sijui kwa nini tuliandika "hatua kwa hatua" kana kwamba tunapanda Kilimanjaro. Jirani zetu wa Uganda hawakusubiri. Katika mfumo wao wa serikali za mitaa, mabaraza kutoka ngazi za chini hadi wilaya yana nafasi mbili za watu wenye ulemavu, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Matokeo yake ni maelfu ya wanawake wenye ulemavu waliowahi kuketi kwenye baraza, wakabishana kuhusu kisima na zahanati, wakashindwa kura, wakashinda nyingine. Mfumo ule una kasoro zake, na chama tawala hakikosi kuutumia. Lakini mtoto anayekua akimwona diwani anayetembea kwa magongo anakua na picha nyingine kichwani.

Hapa Kajiado tuna wadi 25, na njia ya mwanamke mwenye ulemavu kuingia bunge la kaunti kwa kawaida ni uteuzi. Sheria ya Uchaguzi inataka orodha ya chama kwa ajili ya makundi yaliyotengwa iwe na majina 8, angalau mawili ya watu wenye ulemavu. Jinsi orodha hizo zinavyoandikwa ndiyo siri isiyo siri: katika vyumba vya hoteli, usiku wa mwisho, na nafasi ya mwenye ulemavu ikikamatwa na mtu ambaye ulemavu wake uligunduliwa wiki hiyo. Kajiado si kaunti ya kushindwa mambo haya. Mwaka 2013 watu wa Kajiado Mashariki, ndiyo, sisi wa hapa, walimchagua Peris Tobiko, mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa mbunge, na alishinda licha ya wazee waliotangaza laana. Walioogopa laana walikuwa wengi. Waliopiga kura wakawa wengi zaidi.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Orodha za vyama hupelekwa kwenye Tume ya Uchaguzi kabla ya siku hiyo, na kabla ya kupelekwa huwa zimeshapangwa na watu wachache wenye namba za simu zinazojulikana. Dada wa Imaroro, wa Kenyawa-Poka, wa Oloosirkon mnaotaka majina yenu yawemo, muwe na kadi ya Baraza mkononi, muwe wanachama wa chama mlioandikishwa kwa majina yenu wenyewe, na muwe mmepiga kura ya mchujo mkaonekana. Fomu za kujiandikisha na Baraza ziko pale mezani karibu na mlango, na mkalimani wa lugha ya ishara atabaki nasi mpaka wa mwisho aondoke. Tuanze na walioketi nyuma, kwa kuwa ndio wenye safari ndefu zaidi.